Mwanamke wa Kusema Namfahamu

Siku ya kwanza nilipokutana na Shangazi Kohinur aliniambia nifunue uso, kisha akanitazama muda mrefu kama mtu anayechagua samaki sokoni. Tulikuwa nyuma ya ofisi ya usajili wa ardhi ya Bhairabdi, karibu na pampu ya maji, pale alipozoea kutandika mkeka wake. Tultuli, binti yangu, alikuwa na miezi saba, amelala kifuani kwangu.

"Baba yako nani?"

"Marehemu Kasem Munshi."

"Mama?"

"Rabeya."

"Umezaliwa wapi?"

"Gopalkhali, ng'ambo ya mto."

"Na hilo kovu la kiwiko?"

"Nilianguka kwenye ngazi za bwawa, nilipokuwa mdogo."

"Ulikuwa unakimbia nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mume wangu. Nikamwambia nilikuwa namkimbia bata dume wa jirani. Hakucheka. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepokea kitu akakiweka mahali pake.

Kwetu huwezi kununua nyumba kwa kuwa na fedha tu. Kuna dalali wa kukuonyesha, kuna mpimaji wa kuvuta mnyororo, kuna mwandishi wa hati wa kuandika mipaka ya pande nne, na kuna msajili wa kugonga muhuri. Lakini kabla ya muhuri lazima mtu asimame mbele ya msajili, amnyooshee kidole anayeuza na anayenunua, aseme, "Huyu namfahamu." Nje ya ofisi wapo wanaume wanaowafahamu watu hamsini kwa siku bila kumtazama hata mmoja. Ukiwapa cha kununulia chai na tambuu wanakufahamu wewe na babu yako.

Shangazi Kohinur alikuwa mtambulishaji wa wanawake, kwa sababu yeye peke yake aliweza kumfunua mwanamke nikabu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Aliwashika vidole gumba, akavipaka wino, akavibonyeza kwenye karatasi, kisha akavisugua kwa majivu pale pampuni mpaka vikatakata. Kidole chake mwenyewe kilikuwa cheusi siku zote.

"Shangazi, unamtambulisha au unamposa?" alifoka mwandishi wetu wa hati, Bwana Shibnath, mtu mnene mwenye tambuu shavuni. "Msajili anakwenda kula saa saba!"

"Aende akale. Macho yangu bado hayajashiba."

"Macho yako yatatufilisi sote."

"Wewe utafilisika lini, na tumbo hilo?"

Bwana Shibnath alicheka mpaka tambuu ikamtoka. Nami nilicheka. Nilikuwa na furaha asubuhi ile, maana nilidhani jioni nitakuwa na nyumba.

Yenyewe si nyumba ya kujivunia. Vyumba viwili vya bati, jiko la nje la udongo, mfenesi mmoja. Mume wangu Sohrab alikuwa Omani mwaka wa tano, amerudi likizo mara moja tu, akibeba zege, na kila alichokituma tulikiweka kwa ajili ya hiyo. Mimi na Tultuli tulikaa katika chumba cha nyuma kwa shemeji yangu mkubwa. Mke wa shemeji hakuwa mtu mbaya. Ila kila nikiweka sufuria yangu jikoni, aliisogeza kidogo. Hakusema neno. Aliisogeza tu. Asiyewahi kuishi kwa watu hajui sufuria kusogezwa kunavyouma. Na mwezi ule alikuwa amesema waziwazi kwamba mwanawe wa kiume anaoa, na chumba kitahitajika kabla ya mpunga kuvunwa.

Aliyeuza alikuwa Tofazzal. Alikuwa anahamia Dhaka, na alikuwa amekwisha kuniambia: ikipita Alhamisi hatujasajili, anamuuzia mwenye ghala la samaki, ambaye hakuhitaji nyumba bali mahali pa kuweka barafu. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Nyumba ilikuwa ya baba yao, na Tofazzal alikuwa na dada mmoja, Morjina, aliyeolewa mbali. Kwetu sheria inampa binti fungu lake katika mali ya baba. Lakini mabinti wengi hawalichukui. Humwachia kaka, ili kila mwaka mafenesi yakiiva wawe na mlango wa kurudia, wapikiwe, waitwe kwa jina la utotoni. Ukidai fungu lako, ule mlango umeufunga kwa mkono wako mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi nilimwachia kaka yangu langu bila kufikiri mara mbili. Hata hivyo kwenye karatasi Morjina alikuwa bado ni mwenye nyumba, na bila dole gumba lake hati isingepita.

Tofazzal alikuja naye. Mwanamke mrefu, buibui jeusi, nikabu mpaka chini ya macho. Shangazi Kohinur alimkalisha mkekani nilipotoka mimi.

"Baba yako nani?"

"Marehemu Abdus Sobhan."

"Alikufa kwa nini?"

"Kifua."

"Una watoto wangapi?"

"Watatu."

Alijibu yote vizuri. Tofazzal alisimama karibu na pampu akitafuna kucha. Kisha Shangazi akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mara ya mwisho kuja kwenu ilikuwa lini?"

"Idi iliyopita," alisema yule mwanamke, hapohapo.

Shangazi Kohinur akaziba kichupa cha wino, akaanza kukunja mkeka.

"Vipi?" Bwana Shibnath akauliza. "Tuingie?"

"Huyu simfahamu."

"Kitambulisho si hiki hapa?" Tofazzal akampa nakala. "Soma! Au hujui kusoma?"

"Kwenye picha hizi mama mzazi hamjui mwanawe," alisema Shangazi. "Mimi sifahamu karatasi. Nafahamu mtu."

Nilimshika mkono nikamvuta kando. "Shangazi, nakuomba. Ni neno moja tu. Nina mtoto. Sina pa kwenda."

"Najua."

"Basi liseme."

"Nikilisema utalala humo," alisema. "Halafu siku moja mwenyewe atakuja kusimama mlangoni, na wewe utakuwa unaanika nguo."

Tofazzal alikuwa amekasirika mpaka shingo imemvimba. "Mjane wa kukodiwa!" alipiga kelele, watu wote wakageuka. "Wewe unayesema unafahamu watu, nani anakufahamu wewe? Eh? Nani hapa anajua hata unalala wapi?"

Wapiga chapa waliacha kupiga. Hata Bwana Shibnath, aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, aliangalia viatu vyake. Shangazi Kohinur akaweka mkeka kwapani akaenda zake, na yule mwanamke wa buibui akafunua uso ili apate hewa. Alikuwa Lipi, mke wa Tofazzal. Nilikuwa nimewahi kunywa chai kwake. Aliinama, hakunitazama.

Usiku wa siku ile sikumwambia Sohrab kwenye simu. Alikuwa amechoka, na nikamwambia mambo yanakwenda.

Asubuhi nilipotoka nje, Shangazi Kohinur alikuwa amesimama barabarani mbele ya nyumba ya shemeji, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Sijui aliulizia wapi. "Mfunike mtoto," alisema. "Morjina ameolewa Shialdi. Ni mbali."

Tulipanda baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, tukakaa nyuma miguu ikining'inia, juu ya tuta refu lenye maji pande zote mbili. Tultuli alilala, akaamka, akanyonya, akalala tena. Nikamwuliza Shangazi amejuaje kwamba yule si Morjina.

"Mwanamke aliyeolewa mbali, ukimwuliza alikwenda kwao lini, hajibu haraka," alisema. "Anahesabu kwanza."

Kisha, bila mimi kuuliza, akanisimulia yake, akitazama maji.

Mumewe alikufa kwa kuumwa na nyoka shambani, mwaka wa pili wa ndoa. Mtoto hakuwa naye. Alikaa eda kwa wakwe, siku zilipotimia akachukua sanduku lake la bati akarudi kwao. "Nikamkuta mwanamke nisiyemjua anaanika nguo kwenye kamba ya mama yangu," alisema. "Akaniuliza, 'Wewe unamtaka nani?'"

Kaka zake wawili walikuwa wameuza na kwenda zao Chittagong. Kwenye hati kulikuwa na dole gumba lake. Hakulitia yeye. Na kulikuwa na jina la mtu aliyesimama mbele ya msajili akasema anamfahamu Kohinur, binti wa fulani.

"Hukushtaki?"

"Nimshtaki nani? Kaka zangu?" Alisogeza kitambaa kilichomfunika Tultuli, jua lilikuwa limemfikia usoni. "Wangeniomba, ningewapa. Hilo tu. Wangekuja wakaniomba."

Nilidhani amemaliza. Baada ya daraja la mianzi akasema, "Nilikuja ofisini Bhairabdi kumtafuta yule aliyenifahamu. Nilitaka tu nimwone sura. Nikaambiwa amefariki. Mahali pake palikuwa wazi. Jua lilikuwa kali, nikakaa."

Morjina tulimkuta uani, anageuza kwa nyayo mpunga ulioanikwa, mbele nyuma, mbele nyuma. Alikuwa mfupi, si mrefu hata kidogo. Shangazi hakumsalimu kwa maneno mengi. Alimwuliza, "Binti wa Abdus Sobhan, mara ya mwisho kwenda kwenu ni lini?"

Morjina alisimama. Midomo yake ilicheza. Alianza na kidole kidogo.

"Miaka minane," alisema. "Hapana. Tisa. Mpunga ulioko shambani ukivunwa ndiyo inatimia tisa. Kaka huwa anasema nisubiri njia zikauke."

Shangazi akamwambia kila kitu, pale pale wamesimama juani. Nilitegemea Morjina apige mayowe. Alijipangusa miguu makapi, mguu mmoja, halafu wa pili.

"Angeniomba, ningempa," alisema.

Shangazi Kohinur akageuza uso akatazama zizi la ng'ombe.

"Sitaki kuja," Morjina akaendelea. "Nikibaki kama sikujua, nyumba bado ipo. Nikitia dole, sina kwetu tena. Bora niwe na kwetu nisikokwenda."

Nilielewa. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Lakini Tultuli alikuwa mgongoni kwangu, na Alhamisi ilikuwa kesho kutwa. Nikasema, "Dada, niuziwe nisiuziwe, kaka yako anahama. Ghala la barafu halitakupikia wali. Mimi nitakupikia. Njoo msimu wa mafenesi. Njoo ukae siku kumi."

"Usimwahidi kitu usichoweza," Shangazi alinikemea.

"Naweza. Sufuria yangu itakuwa jikoni kwangu."

Morjina alinitazama sana. "Wewe unaitwa nani?"

Kabla sijajibu, Shangazi alijibu. "Jhorna. Binti wa marehemu Kasem Munshi na Rabeya, mzaliwa wa Gopalkhali. Ana kovu kwenye kiwiko, alimkimbia bata." Akatua kidogo. "Namfahamu."

Morjina akacheka, kwanza puani, kisha kweli. Alicheka mpaka akakaa juu ya mpunga, na hapo kicheko kikageuka, nasi tukasubiri amalize.

Alhamisi alikuja na mumewe. Tofazzal alipomwona anashuka kwenye baiskeli alisimama wima, mikono haijui iende wapi. Morjina alimwendea akamsogezea kola ya shati iliyokuwa imepinda. "Umekonda, kaka," alisema. Basi. Hakumwambia lingine siku nzima. Bwana Shibnath aliandika fungu la Morjina na bei yake kando katika hati, na Tofazzal akatia sahihi.

Alipoketi mkekani, Shangazi alimwuliza yote tangu mwanzo ingawa alikuwa ameshayajua. Ndani, mbele ya meza, msajili aliuliza bila kuinua macho, "Nani anawafahamu hawa?"

"Mimi nawafahamu," alisema Shangazi Kohinur.

Bwana Shibnath akasoma mipaka kwa sauti ya kuimba, ile wanayosomea mipaka waandishi wote: kaskazini bwawa la Hafiza, kusini njia ya kwenda kinu cha mpunga, mashariki shamba la haradali la Moslem, magharibi ua wa mianzi wa Dulal. Muhuri ukagongwa. Nilikuwa na nyumba. Nilitaka kulia, lakini Tultuli alikuwa anavuta kichupa cha wino, ikabidi nimshike.

Kwetu anayepata nyumba hugawa vitamutamu vya maziwa kwa ofisi nzima, tangu msajili hadi mfagizi. Nilimpelekea Shangazi boksi lake pale pampuni, alipokuwa akinisugua kidole kwa majivu.

"Huwa unakula na nani?" nilimwuliza.

"Kunguru wa kwangu wamenenepa," alisema.

Nikakaa mkekani. Alidhani nimesahau kitu. Nikamwambia, "Baba yako nani, Shangazi?"

Mkono wake ulisimama juu ya kidole changu. Nyuma yetu watu walikuwa wanabishana juu ya mnyororo wa mpimaji. Nikaogopa nimemkosea adabu.

"Yakub Ali," alisema mwisho. "Alikuwa mfumaji."

"Mama?"

"Sokhina."

"Umezaliwa wapi?"

"Tentulia. Mto uliichukua."

"Na hiyo alama ya kifundo cha mkono?"

"Maji ya wali. Nilikuwa nachuja."

"Ulikuwa unakimbia nini?"

"Sikuwa nakimbia." Akaanza tena kunisugua. "Nilikuwa natazama njiani. Nilisikia kengele ya baiskeli, nikadhani kaka amekuja kunichukua. Alikuwa muuza chumvi."

Nilimwambia aje nyumbani kwangu. Alisema atakuja. Kila nilipopita ofisini alisema, "Nitakuja, Mama Tultuli, kazi zikipungua." Kazi zilikuwa zimeanza kupungua kweli. Walikuwa wameleta mashine ya kusoma alama za vidole, kiboksi kidogo chenye mwanga mwekundu, na wanawake wakawa wanaingia moja kwa moja bila kupita mkekani.

Alikuja mara moja. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Poush, wakati wa baridi, ukungu bado haujanyanyuka. Amevaa sari nyeupe iliyopigwa pasi, mkononi ana mayai manne kwenye kitambaa. Nilimpikia wali, dengu, na samaki mkavu kwa pilipili. Alikula kidogo kidogo akiwa ameketi karibu na mlango. Tultuli alikuwa anatambaa, akaja akamshika kidole kile cheusi, akakitia mdomoni. Shangazi hakukitoa. Alikaa hivyohivyo, hata chakula kikapoa.

"Lala leo," nilimwambia. "Kitanda kipo. Tuko wawili tu humu, wakati mwingine nasikia bati likilia naogopa."

"Siku nyingine."

Kabla ya kuondoka alizunguka nyumba. Nilimfuata na mtoto. Alisimama kila upande akatazama: bwawa, njia, haradali iliyoanza kutoa maua, ua wa mianzi. Nilidhani atasema kitu. Alijifunga shela vizuri tu, akashika njia ya kinuni, na ule ukungu haukuchukua muda kumficha.

Nilipokwenda ofisini mwezi uliofuata, pale pampuni palikuwa na pikipiki imeegeshwa. Bwana Shibnath alisema hajamwona wiki tatu. Nilimwuliza anaishi wapi. Alisugua kichwa. "Upande wa sokoni, nadhani. Au nyuma ya shule?" Nilikitafuta chumba chake mpaka nikakipata, nyuma ya kiwanda cha kukamua mafuta. Kilikuwa kimefungwa kufuli jipya. Mwenye nyumba alisema alilipa mpaka siku ya mwisho, akaondoka na sanduku la bati. Kwenda wapi, hakuuliza. "Yule mama?" alisema. "Mpangaji mzuri, hana kelele. Lakini hasa simfahamu." Juu ya paa kunguru wawili walikuwa wanatutazama.

Morjina huja kila mafenesi yakiiva. Hulala kile chumba cha mashariki alicholala akiwa msichana, na Tultuli sasa anamwita shangazi. Sohrab anasema amebakiza mwaka mmoja. Alisema hivyo mwaka jana pia. Jioni tukimaliza kula, sahani ya tatu ninayomwekea Shangazi Kohinur huwa naiosha ingawa haikutumika.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tano tu, sijui kama haya yameandikwa inavyotakiwa. Lakini nimemsikiliza Bwana Shibnath, najua mtu anavyoandikwa. Kohinur, mjane, binti wa marehemu Yakub Ali mfumaji na Sokhina, mzaliwa wa Tentulia iliyochukuliwa na mto. Kimo cha wastani. Alama: kovu la maji ya wali kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na wino kwenye kidole gumba usiotoka. Mimi namfahamu.

Atakayemwona amwambie nyumba ipo palepale. Kaskazini bwawa la Hafiza, kusini njia ya kwenda kinu cha mpunga, mashariki haradali ya Moslem, magharibi ua wa mianzi. Mlango unatazama njia. Nikiwa nachuja wali huwa naufungua.